Mashine ya Kwanza ya Kuchomelea



Wiki mbili zilizopita, baada ya mkutano wa vijana, kijana mmoja alinifuata hadi nyumbani akanionyesha picha katika simu yake. Ilikuwa picha ya mashine ya kuchomelea vyuma, nyekundu, yenye kishikio cheusi, na ubavuni imeandikwa ampea 300 kwa tarakimu kubwa kuliko jina lenyewe la mashine. "Yaya," aliniuliza, "hii yamfaa mtu anayeanza?" Nikamwuliza ana fedha kiasi gani. Akasema anazo dola 200, na nyingine atazipata mavuno yakija. Nikamwuliza umeme atautoa wapi. Hapo alinyamaza, akaitazama tena picha yake kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Si yeye wa kwanza kuniuliza, na kila mara huwajibu kwa haraka, nikiwa nimeinama juu ya kazi. Safari hii nimeona afadhali niandike, kwa sababu jibu langu ni refu, na sehemu yake kubwa ni aibu yangu mwenyewe.

Mnajua tunapokaa. Kiambi ipo kando ya mto Luvua, mahali ambapo mashua zipandazo kutoka Ankoro hufika mwisho wa safari yao. Kutoka hapa kwenda juu maji yana mawe na maporomoko. Katika mto huohuo, miaka ya 1930, Wabelgiji walijenga bwawa la umeme la Piana Mwanga kwa ajili ya machimbo ya bati ya Manono. Waya zilikwenda machimboni. Vijiji vilivyo njiani viliziona zikipita. Kisha vita vikaja, mitambo ikanyamaza. Usiku wa leo hapa kwetu taa ni za paneli za jua au za jenereta. Kwa hiyo mtu anunuaye mashine ya kuchomelea Kiambi hanunui kitu kimoja. Ananunua viwili, na kile cha pili ndicho kinachoamua cha kwanza kiwe kipi.

Mimi sikulijua hilo. Ufundi nilijifunza Kalemie, katika karakana moja iliyokuwa karibu na reli, miaka mitatu. Kule umeme hutoka Bendera, kwenye bwawa la mto Kiyimbi, na siku ulipokuwepo tulichomeka waya ukutani tukafanya kazi. Siku usipokuwepo tuliketi. Katika miaka mitatu sikuwahi kujiuliza mashine yetu inakula umeme kiasi gani, kama vile mtoto asivyojiuliza bei ya unga.

Mwaka 2011 nilirudi nyumbani nikiwa na dola 140 nilizoweka akiba na wazo moja: kufungua karakana katika ua wa mama yangu, chini ya mwembe. Dola 140 hazikutosha. Mama alikuwa katika likelemba ya wanawake kumi na wawili. Kila mmoja alitoa dola 10 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao akachukua 120. Zamu ya mama ilikuwa imekaribia. Akaenda kuwaomba wenzake wawili wamwachie zamu zao pia, kwa ahadi kwamba mwanawe atawalipa. Mmoja alikubali papo hapo. Wa pili alikuwa na binti katika darasa la sita la sekondari, na zamu yake alikuwa ameiweka kwa ajili ya gharama za mtihani wa Taifa. Mama alimwambia nitarudisha kabla ya siku ya kuandikisha. Mimi nilikuwapo nikisikia, nami nikatikisa kichwa kukubali. Hivyo nikaondoka kwenda Kalemie nikiwa na dola 500 zilizoshonwa ndani ya mkanda wa suruali.

Sasa sikilizeni jinsi nilivyochagua. Nilikwenda kwa fundi mmoja wa kusuka transfoma. Alikuwa na mashine tatu nje ya nyumba, za sanduku la chuma, nzito, zenye gurudumu mbili kila moja. Niliipenda kubwa kuliko zote. Watu wawili waliinua sanduku lile kwa kuguna, na ule mguno ulinishawishi kuliko maneno ya muuzaji. Nilijiambia kuwa kitu kizito ni kitu cha kweli. Akaichomeka ukutani, akawasha bageti ya milimita 3.2, ikaimba vizuri juu ya bamba nene. Nikalipa dola 150. Jenereta ya petroli iliyoandikwa 3.5 nikainunua kwa 280, barakoa ya uso kwa 10, bageti na waya kwa 30, na 30 zilizobaki zikaisha kwenye lori. Siku nne za matope baadaye niliingia Kiambi kama bwana harusi.

Asubuhi yake ua ulijaa watu. Niliwasha jenereta, nikafunga mkia wa waya kwenye chuma, nikateremsha barakoa, nikagusa. Jenereta ikaguna, ikashuka sauti, ikazimika. Nikawasha tena. Ikazimika tena. Watoto walicheka, na wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa adabu.

Hesabu yake naijua leo, nami nawaandikia ili mtu asiikose tena. Transfoma ya namna ile, kabla hujagusa chuma, huwa na volti kama 60 kwenye ncha ya bageti. Unapochomelea kwa ampea 80, ambazo ndizo zinazohitajika kwa bageti ya milimita 2.5, mzigo inaoutwika jenereta si ule wa mwali tu. Ni karibu 60 mara 80, yaani 4,800. Jenereta yangu iliandikwa 3,500, na hata kiasi hicho kwa kawaida ni kilele cha muda mfupi tu. Cha kudumu hakizidi 3,000 hivi. Nilikuwa nimemfunga punda mmoja gari la ng'ombe wawili. Hakuna aliyenidanganya katika hilo. Fundi aliuza transfoma, mwenye duka aliuza jenereta, nami ndiye niliyekuwa wa pekee mwenye kujua kwamba viwili hivyo vitaishi pamoja.

Nikapunguza ampea hadi mwali ukawa dhaifu, bageti zikawa zinanata, nikaendelea hivyo wiki mbili, nikichomelea milango kwa alama zinazofanana na kinyesi cha kuku. Wiki ya tatu mwenye kinu cha kusagia mihogo aliniruhusu nitumie jenereta yake kubwa ya dizeli kwa siku moja. Nilifurahi mno. Nikafungulia ampea zote, nikafanya kazi bila kupumzika toka asubuhi. Kabla ya saa sita harufu ya vanishi iliyoungua ilijaa kinuni, moshi ukatoka kwenye sanduku, na transfoma yangu ikafa.

Nilipoifungua nilikwangua waya kwa kisu. Juu ulikuwa na rangi ya shaba nyekundu; chini ya rangi ulikuwa mweupe. Ilikuwa alumini. Nataka nimtendee haki yule fundi: alumini yenyewe si dhambi. Viko vyombo vizuri vilivyosukwa kwa alumini. Lakini alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, na ili ubebe mzigo uleule waya wake yapasa uwe mnene zaidi, kiasi cha mara moja na nusu na kuzidi kidogo. Yeye alisuka alumini kwa unene wa shaba, akaipaka rangi. Hiyo rangi ndiyo naiita dhambi. Hata hivyo nami nilikuwa nimeiendesha mashine bila kuipa pumzi, jambo ambalo lingeua hata ya shaba, labda mwezi mmoja baadaye.

Jioni ile sikula. Siku ya tatu wale wanawake wawili walikuja, wakaketi na mama yangu nje. Nilijificha ndani kama mtoto, kisha nikaona haya ya kujificha, nikatoka. Nilitazamia makemeo. Yule mwenye binti aliuliza swali moja tu: "Jenereta bado ni nzima?" Nikasema ni nzima. Akaitikia kwa kichwa, akaomba maji ya kunywa. Nilidhani ameuliza ili tuiuze alipwe. Huenda ndivyo. Lakini hakuitaja tena, na siku ya kuandikisha mtihani ilipopita, binti yake alibaki nyumbani mwaka ule.

Ningependa kuwaambia kwamba niliomba msamaha kwa maneno mazuri. Sikuomba. Nilikwenda kufanya kazi kwa mzee mmoja mhunzi, aliyekuwa na banda karibu na soko, mwenye mivuo ya ngozi na fuawe iliyozeeka. Mzee yule alitengeneza majembe na kuziba baiskeli, zile tunazoziita kinga. Fuawe, kwa nchi yetu ya Waluba, si kitu cha kawaida: hata vyuma vidogo vilivyochomekwa katika nywele na katika vitu vya heshima vya watawala wa kale vilifuliwa kwa mfano wa fuawe. Na makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, yaliyoanza kuchimbwa na wataalamu mwaka 1957, yalionyesha kwamba mababu walizikwa na vyuma na shaba vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa karne nyingi kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Nayataja haya kwa sababu wakati ule mimi niliona aibu kurudi kwenye mivuo baada ya kushika umeme. Anayesoma sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira atamkuta mhunzi pale, ameketi mbele ya fuawe, joto la moto likimla mwili, na mwandishi anakiri kwamba bila watu wa namna hiyo mji haukaliwi. Mzee wangu hakujua kusoma, lakini makovu ya mikono yake yalikuwa sura hiyo nzima.

Kwake nilijifunza jambo ambalo karakana ya Kalemie haikunifundisha. Siku ya kwanza aliletewa kinga iliyovunjika shingo. Kwa majivuno nikamwambia kuwa ningekuwa na mashine yangu ningeichomelea kwa dakika mbili. Akanipa msumeno mdogo, akaniambia nikate kipande cha bomba bovu la fremu, nipime unene wa ukuta wake. Ulikuwa kama milimita moja. "Huo moto wako," akasema, "utaunganisha nini hapa? Utatoboa." Alikuwa na haki. Mwali wa bageti ya milimita 2.5 juu ya bomba la milimita moja hutoboa kabla mkono haujatulia, na hata ukishika, chuma cha pembeni huwa kigumu na huvunjika hapohapo baada ya mwezi. Yeye aliipasha shingo ile kwa makaa hadi ikawa nyekundu, akanyunyiza boraksi, akaiyeyushia shaba ya manjano ikapenya kote kwenye kiungo. Kinga ile ilipakiwa magunia mawili ya mihogo siku iliyofuata.

Nikaanza kuandika katika daftari kila kazi iliyoletwa bandani. Mwezi mmoja nilihesabu baiskeli 31, majembe na mashoka 14, milango na madirisha 4, miguu ya vitanda 5, sehemu za pikipiki 3, na chuma kimoja tu kinene, ekseli ya kinu. Nilikaa nikalitazama daftari hilo kwa muda mrefu. Mashine niliyoinunua kwa kuguna kwa watu wawili ilifaa kwa ile ekseli. Kwa kazi nyingine zote ilikuwa kubwa mno, au haikuhitajika kabisa.

Baada ya miezi minane nilikuwa na dola 130. Nilijua tayari mashine gani naitaka, na bei yake ilikuwa 110. Nikaenda kwa yule mama mwenye binti nikiwa nimezishika zote, nikamweleza kwamba nikinunua mashine kwanza nitamlipa upesi zaidi, kwa kuwa kazi zitaongezeka. Hoja yangu ilikuwa nzuri. Niliipanga njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanyosha mkono. "Nilipe," akasema. Alizihesabu mara mbili, akatoa 120, akanirudishia 10. Mwaka ule binti aliandikishwa. Mama wa pili aliniambia ninunue kwanza. Sijui kama mmoja alikuwa mwema kuliko mwingine. Kila mmoja alijua hesabu ya nyumba yake.

Ilinichukua miezi mingine mitano. Na hapa ndipo jibu la yule kijana mwenye simu linapoanza hasa.

Safari hii niliingia dukani Kalemie na swali la yule mama kichwani. Jenereta ilikuwa nzima. Basi mashine yapasa ichaguliwe kwa kipimo chake. Zilikuwa zimeanza kufika, kwa meli za kuvuka ziwa kutoka Kigoma, zile mashine ndogo zinazoitwa inveta. Hizo hazina chuma kizito ndani. Zinaugeuza umeme kwa vifaa vya elektroniki, na nyingi zina uzito wa kilo 5 hivi, unaziweka begani. Mwali wake ni wa mkondo mmoja usiogeuka, kwa hiyo hutulia, na mkono wa mwanagenzi haupati tabu sana. Hesabu yake ni hii: kwa ampea 70, mwali una volti karibu 23, yaani wati 1,600 hivi. Ongeza kinachopotea ndani ya mashine, inafika 2,000. Ongeza tena ule upungufu wa jinsi mashine hizi zinavyovuta umeme, jenereta inahisi mzigo wa kama 2,850. Yangu ilimudu 3,000. Nafasi ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwapo. Mtu mwenye jenereta ya 2,000 asijaribu. Na anayenunua jenereta mpya, kama fedha yaruhusu, afike 5,000 apumue.

Nilikwenda dukani na bageti zangu mwenyewe mfukoni na kipande cha chuma. Nawasihi mfanye hivyo. Mwenye duka akikuonyesha mashine kwa bageti zake na bamba lake nene, unatazama onyesho. Niliomba nichome bageti tatu mfululizo bila kupumzika, mkono juu ya sanduku, nikisikiliza kama feni inazunguka. Katika mashine ya kwanza mwali ulizimika katikati ya bageti ya pili. Iliandikwa ampea 250. Ya pili iliandikwa 160 tu, ikamaliza zote tatu. Mgongoni mwa mashine ya kweli kuna kibandiko kidogo, na humo utaona asilimia: ikiandikwa 60 kwa mia kwa ampea 120, maana yake ni kwamba katika dakika 10 utachoma 6 na kuipumzisha 4. Tarakimu kubwa ya ubavuni ni ya muuzaji. Ile ndogo ya mgongoni ni ya fundi. Isipokuwapo kabisa ile ndogo, mimi siinunui.

Tazameni pia waya. Mashine nyingi za bei ndogo huja na waya mwembamba na kibano cha bati jepesi ambacho hakishiki chuma, kisha mtu analaumu mashine. Nilitupa kibano chao wiki ya kwanza, mzee akanifulia kingine.

Transfoma zina sifa zake, nisizinyime. Mtu wa Kalemie mwenye umeme wa ukutani, akisukiwa kwa shaba na fundi mwaminifu, atakaa nayo miaka ishirini. Haina kadi ya elektroniki ya kuharibiwa na vumbi na mchwa. Inveta ikifa hapa kwetu, hakuna wa kuifufua. Kila Jumamosi huifungua yangu nikapuliza vumbi. Humo ndani, katika kadi ile ya kijani, kila mguu wa kila kifaa umeshikwa kwa tone la lehemu, na lehemu hiyo kwa sehemu kubwa ni bati. Bati lilichimbwa Manono kwa miaka mingi sana likasafirishwa mbali. Huwaza, huku nikipuliza, kama si tone moja la kwetu lililorudi nyumbani.

Sasa macho. Kuhusu haya sitafanya mzaha. Katika karakana yetu ya Kalemie tulichomelea kwa miwani ya jua, na tulijiona mashujaa. Usiku wa kwanza mwali uliponiunguza nilidhani mtu amenimwagia mchanga wa moto chini ya kope. Nililia hadi alfajiri, nikiwa nimefunikwa kitambaa cha maji. Miwani ya jua haizuii kitu. Kioo cha barakoa kiwe cha namba 10 au 11, na kisiwe na ufa hata wa unywele. Halafu fikirieni walioko nje ya barakoa. Karakana ya nyumbani maana yake ni watoto, na mtoto hawezi kuacha kutazama nuru. Kabla ya kununua bageti ya kwanza nilipaswa kununua turubai la kuzungushia. Nililinunua la mwisho, baada ya mpwa wangu wa miaka sita kulala siku mbili gizani. Namshukuru Mungu kwamba yalipona.

Vaeni pamba, si nailoni, kwa kuwa nailoni huyeyuka ikashikamana na ngozi. Mabati yenye zinki yakwanguliwe kwanza, na kazi ifanyike nje penye upepo. Moshi wake huleta homa ya usiku inayofanana na malaria, na wengi wamekunywa dawa ya malaria bure kwa ajili yake. Mvua ikinyesha, acha. Na pipa lililowahi kuwa na petroli au mafuta msiligusise moto hata mwenyewe akiapa kwamba liko tupu tangu mwaka jana. Mvuke uliobaki ndani unatosha kuua. Kazi hiyo nimeikataa mara nyingi, na baadhi ya watu wamekasirika, wakampelekea mwingine.

Kwa hiyo nilimwambiaje kijana mwenye simu? Nilimwambia aandike kwanza daftari la mwezi mmoja: watu wa mtaa wake huvunja nini? Nilimwambia dola zake 200 asizihesabu kuwa za mashine. Nusu ni za barakoa, glavu, turubai, waya, tindo, brashi ya waya na bageti. Nilimwambia ile ya ampea 300, kwa bei ile na kwa uzito ule, haina ampea 300, na hata ingekuwa nazo hakuna jenereta hapa Kiambi ya kuzilisha. Nikamwambia kuwa hadi mavuno, aje afanye kazi kwangu. Hakufurahi. Alikuwa amekuja kutafuta ndiyo. Lakini Jumatatu alikuja, amevaa shati la nailoni, nikamrudisha nyumbani kubadilisha.

Nimesahau kuwaambia kuhusu siku ya kwanza ya inveta. Sikumwita mtu. Niliiwasha jenereta mapema kabla ya misa ya asubuhi, nikagusa chuma, sauti yake ikashuka kidogo, ikasimama, ikaendelea. Nilichoma bageti nzima nikiwa nimepiga magoti, kwa kuwa miguu ilitetemeka. Nilipoinua barakoa, yule mama mwenye binti alikuwa amesimama langoni na mbabula yake mkononi, mguu mmoja umekatika. Nilipunguza ampea, nikaurudisha mguu, nikaupiga nyundo mara tatu kuujaribu.

Aliuliza bei. Nikasema hakuna bei. Alitoa franki 500 kwenye pindo la kitenge, akaziweka juu ya meza, akaziwekea nyundo juu ili upepo usizichukue. Kisha akaitazama jenereta iliyokuwa ikinguruma chini ya mwembe.

"Ni ileile?"

"Ni ileile, Mama."

Akachukua mbabula yake akaondoka, maana alikuwa hajapika.